Barua Yenye Jina Lako: Mwongozo kwa Anayetafuta Kiwanja na Anayekimiliki

Malengo ya somo

Baada ya kusoma somo hili, msomaji ataweza:

(a) kueleza jinsi barua zinazoandikwa kwa jina la mmiliki zinavyotumika kutafuta viwanja na nyumba za uwekezaji;
(b) kutambua barua ya mnunuzi wa kweli na barua ya mlaghai;
(c) kuandika barua ya namna hiyo bila kuvunja sheria wala kumwonea mtu;
(d) kufuata hatua za uhakiki kabla ya kupokea au kutoa fedha.

Utangulizi

Ndugu msomaji, tuanze na mifano miwili. Ni mifano ya kubuni, lakini haiko mbali na mambo yanayowafika wananchi wa Dodoma.

Mama mmoja wa Nzuguni ni mjane na anaishi na wajukuu wawili. Marehemu mumewe aliacha kiwanja Iyumbu, ambacho hadi leo kina nyasi na mti mmoja wa mkwaju. Asubuhi moja kijana wa bodaboda anamletea bahasha. Ndani yake mna barua iliyopigwa chapa vizuri, yenye majina yake matatu, namba ya kiwanja na namba ya kitalu. Mwandishi anasema yuko tayari kununua kwa fedha taslimu ndani ya siku saba, na kwamba baada ya hapo “serikali inaweza kulitwaa eneo hilo.” Mama hajawahi kumtajia mgeni namba ile. Anaikunja barua, anaiweka chini ya mto, na usiku halali.

Mfano wa pili ni wa mwalimu wa sekondari anayeishi Makulu. Ameweka akiba kwa miaka sita, na amechoka kuzungushwa na madalali wanaomwonyesha kiwanja kilekile kwa bei tatu tofauti. Rafiki yake amemshauri aache kusubiri matangazo na awaandikie wenye viwanja moja kwa moja. Ameandika barua kumi na mbili na kupata majibu mawili. Mmoja wa waliojibu anadai kuwa ndiye mwenye kiwanja, na anataka malipo ya awali kabla ya Ijumaa.

Watu hawa wawili hawafahamiani, lakini wanakabiliwa na jambo moja. Kila mmoja anaweza kupata haki yake kwa barua, na kila mmoja anaweza kupoteza kwa barua akiba ya maisha yake. Somo hili limeandikwa kwa ajili yao wote.

Kwa nini jambo hili limeshamiri Dodoma

Uamuzi wa kuhamishia makao makuu ya nchi Dodoma ulifanywa mwaka 1973, na mwaka huohuo ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, kusimamia upangaji na ugawaji wa ardhi. Kwa miaka mingi mji ulikua taratibu. Mambo yalibadilika kuanzia mwaka 2016, Serikali ilipotangaza kuhamia Dodoma kwa vitendo. Mwezi Mei mwaka 2017 CDA ilivunjwa na shughuli zake kuhamishiwa Manispaa. Tarehe 26 Aprili 2018 Dodoma ikatangazwa kuwa jiji. Mji wa Serikali ukajengwa Mtumba, barabara ya mzunguko wa nje yenye urefu wa kilomita 112.3 ikaanza kujengwa, na mwaka 2024 treni ya reli ya kisasa ikaanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma.

Mwenye kumbukumbu ya Chimwaga kabla ya Chuo Kikuu cha Dodoma kuanzishwa mwaka 2007 anajua mabadiliko haya yana maana gani. Mahali palipokuwa pori jana, leo pana mtaa. Familia iliyopata kiwanja zamani kwa gharama ndogo, ikakiacha kwa sababu ya kukosa fedha za kujenga, sasa imekalia mali yenye thamani kubwa. Wengine wanajua hivyo na wengine hawajui. Barua za kununua viwanja hupita katika pengo hilo, baina ya anayeijua thamani ya mali na asiyeijua.

Mbinu yenyewe inavyofanya kazi

Wawekezaji wa ardhi na nyumba katika nchi nyingi hawategemei matangazo peke yake. Mali iliyotangazwa hugombaniwa na wengi na bei yake hupanda. Kwa hiyo mwekezaji hutafuta mmiliki ambaye bado hajatangaza kuuza, lakini ana sababu inayoweza kumfanya auze. Kule Marekani, ambako mbinu hii imekomaa, kumbukumbu za umiliki na za kodi za majengo huwa wazi kwa umma katika ofisi za kaunti. Mwekezaji huchambua orodha ya wamiliki wanaoishi mbali na mali zao, wenye malimbikizo ya kodi au waliorithi karibuni, kisha humwandikia kila mmoja barua kwa jina lake. Wengine huandika kwa mkono ili barua ionekane imetoka kwa jirani mwema.

Barua yenye jina husomwa, ilhali karatasi ya tangazo la jumla hutupwa. Hiyo ndiyo nguvu ya mbinu hii. Mtu akiona jina lake na namba ya kiwanja chake hudhani kwamba mwandishi anamfahamu, na pengine kwamba ana mamlaka fulani juu yake. Dhana hiyo haina msingi. Kulijua jina lako hakumpi mtu haki yoyote juu ya mali yako.

Hapa kwetu barua ilikuwa ikiishia katika sanduku la posta. Leo, baada ya mfumo wa anwani za makazi na postikodi kuenezwa nchini, mitaa ina majina na nyumba zina namba, hivyo ni rahisi zaidi kufikisha barua mlangoni. Barua nyingine huja kwa ujumbe mfupi wa simu au kwa WhatsApp. Kanuni tutakazoeleza zinahusu njia zote hizo.

Jina lako limepatikanaje?

Hili ndilo swali la kwanza ambalo mama wa Nzuguni alipaswa kujiuliza. Kuna njia halali. Mtu anaweza kuulizia kwa majirani, anaweza kusoma tangazo la mirathi gazetini lenye jina la aliyeomba usimamizi, au anaweza kuona tangazo la hati iliyopotea. Anaweza pia kufanya upekuzi katika ofisi ya Msajili wa Hati kwa kulipa ada, akitaja kiwanja mahususi.

Ziko pia njia zisizo halali, kama vile mtumishi kunakili majina kutoka katika jalada, orodha ya wanachama kuuzwa, au mtu kukusanya namba za simu kutoka katika kundi la WhatsApp na kuziuza kwa dalali. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya na kuchakata taarifa za watu awe na sababu halali, azitumie kwa lengo lililokusudiwa na azilinde. Pia inawataka wakusanyaji na wachakataji wajisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Sheria hiyo inakupa haki ya kumtaka mtu aache kutumia taarifa zako kwa ajili ya kukutangazia biashara. Kwa hiyo unaweza kumjibu mwandishi kwa maandishi ukimuuliza mambo mawili: amezipata wapi taarifa zako, na aache kuzitumia. Mnunuzi mwaminifu atajibu. Akinyamaza au akikasirika, umepata nusu ya jibu.

Namna ya kuisoma barua

Usiisome barua ya kununua mali yako ukiwa umesimama mlangoni. Keti, isome mara mbili, kisha ichunguze kwa maswali haya.

1. Mwandishi ni nani? Barua iwe na jina kamili, anwani inayoweza kufikika na namba ya simu. Ikiwa ni kampuni, uliza namba ya usajili na uihakiki BRELA.

2. Ananunua kwa ajili ya nani? Mnunuzi halisi husema. Dalali naye aseme kwamba ni dalali, na aeleze nani atamlipa ujira wake.

3. Bei imetajwa, na imetokana na nini? Bei isiyo na maelezo ni bei ya kubahatisha, na huenda imepangwa kwa faida ya mwandishi peke yake.

4. Je, kuna tishio au haraka? Maneno kama “ndani ya siku saba,” “nafasi ya mwisho” au “usimwambie mtu” ni dalili mbaya.

5. Je, unaombwa fedha? Mnunuzi ndiye anayelipa. Mtu anayetaka utume “ada ya faili” ili akununulie kiwanja chako hana nia ya kununua.

Vitisho viwili hutumika sana, hivyo inafaa kuvieleza. Cha kwanza ni kwamba Serikali itatwaa eneo. Serikali inaweza kutwaa ardhi kwa manufaa ya umma, lakini hufanya hivyo kwa taarifa rasmi na kwa uthamini, na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka fidia iwe kamili, ya haki na ilipwe kwa wakati. Ukiambiwa kuna utwaaji, uliza ofisi ya ardhi ya Jiji, usimuulize anayetaka kununua. Cha pili ni kwamba kiwanja kisichoendelezwa “kitafutwa wiki ijayo.” Ni kweli kwamba milki inaweza kubatilishwa kwa kuvunja masharti yake, nawe unapaswa kulipa kodi ya pango la ardhi na kuendeleza kiwanja. Hata hivyo, ubatilisho una utaratibu wake. Mmiliki hupewa ilani na nafasi ya kujieleza, na uamuzi wa mwisho ni wa Rais. Haufanywi kwa barua ya mtu binafsi.

Thamani kwanza, jibu baadaye

Tuseme barua inampa mama wa Nzuguni shilingi 6,000,000 kwa kiwanja cha mita za mraba 600. Akigawanya, anapata shilingi 10,000 kwa mita ya mraba. Anapouliza kwa watu watatu walionunua au kuuza jirani na kiwanja hicho, anaambiwa kuwa viwanja vya aina ileile vimeuzwa kwa shilingi 25,000 kwa mita. Kwa hesabu hiyo kiwanja chake ni karibu shilingi 15,000,000. Takwimu hizi ni za mfano tu, lakini hesabu yenyewe ni ya kweli na mtu yeyote anaweza kuifanya kwa kalamu na karatasi.

Kwa mali kubwa, ni busara kumlipa mthamini aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wathamini. Ada yake huonekana nzito mpaka utakapoilinganisha na tofauti ya milioni tisa. Usipokee uthamini ulioletwa na mnunuzi peke yake, kwa kuwa mwamuzi wa mchezo hachaguliwi na timu moja.

Vilevile kumbuka gharama za kuuza. Muuzaji anaweza kutakiwa kulipa kodi ya mapato yatokanayo na ongezeko la thamani ya mali, na mnunuzi hulipa ushuru wa stempu. Viwango na misamaha hubadilika kwa Sheria ya Fedha ya kila mwaka, hivyo pata hesabu kutoka ofisi ya TRA kabla ya kukubaliana. Barua zisemazo “utapokea fedha zote mkononi” mara nyingi hunyamazia jambo hili, na muuzaji hulijua siku ya kuhamisha milki.

Hatari ya arubuni na karatasi ya kukubali

Baadhi ya barua huambatishwa na karatasi fupi ya kutia saini, yenye kichwa kama “Fomu ya Kuonyesha Nia.” Isome kwa makini. Mkataba wa kuuza ardhi hutakiwa uwe wa maandishi, na karatasi uliyoitia saini ukikubali bei na kiwanja kilichotajwa inaweza kutumika kudai kwamba umekwishauza.

Iko mbinu moja ambayo wengi hawaijui. Mwandishi wa barua hana fedha za kununua. Anakupa arubuni ndogo, tuseme shilingi 300,000, na mnasaini kwamba hutauza kwa mwingine kwa miezi sita. Kisha yeye humtafuta mnunuzi halisi na kumuuzia kwa bei ya juu, akabaki na tofauti. Asipompata mtu, wewe umefungwa miezi sita bila kuuza. Jambo hili linaweza kufanywa kwa uwazi, pande zote zikifahamu. Likifanywa kwa kificho, ni kumtumia mtu asiyejua. Kabla ya kupokea arubuni yoyote uliza: muda ni upi, malipo kamili yatafanyika lini, mnunuzi akishindwa itakuwaje, na je, anaruhusiwa kumhamishia mwingine mkataba? Majibu yaandikwe katika mkataba wenyewe.

Je, aliyeandikiwa ndiye mwenye haki ya kuuza?

Barua inaweza kumfikia mtu sahihi kwa jina lakini asiye na mamlaka ya kuuza. Mama wa Nzuguni ni mfano. Kiwanja kiko katika jina la marehemu mumewe. Hata kama Mahakama imemteua kuwa msimamizi wa mirathi, usimamizi ni dhamana kwa niaba ya warithi wote wakiwamo watoto, na lazima atoe hesabu yake mahakamani. Akiuza peke yake na kwa bei ya kutupa, anaweza kushtakiwa na wanawe mwenyewe. Kwa hiyo barua ile inapaswa kusomwa mbele ya familia.

Kwa walio katika ndoa, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inazuia mwanandoa mmoja kuiuza au kuiweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Mnunuzi atakayeambiwa “mke wangu hahusiki” na ajue kwamba ananunua kesi.

Kwa upande wa ununuzi, mtu asiye raia wa Tanzania hawezi kumilikishwa ardhi isipokuwa kwa madhumuni ya uwekezaji yaliyoidhinishwa kisheria. Ukiandikiwa na mtu anayetaka kutumia jina lako kama kivuli cha mgeni, kataa.

Kwa anayetaka kuandika barua

Sasa tumgeukie mwalimu wa Makulu. Kuandika barua kwa mmiliki si kosa, na likifanywa kwa staha humwondolea mnunuzi gharama za kuzungushwa, na mmiliki naye hupata fursa ambayo huenda hakuifikiria. Masharti yake ni haya.

Kwanza, pata taarifa kwa njia halali. Tembelea eneo, zungumza na majirani, jitambulishe katika ofisi ya mtaa. Usinunue orodha ya majina, na usimhonge mtumishi akupe jalada. Kutoa hongo ni kosa kama lilivyo kuipokea.

Pili, andika barua chache kwa viwanja ulivyovitembelea mwenyewe. Anayetuma mamia ya barua kwa watu asiowajua huwa anawinda mwenye shida.

Tatu, usiitumie shida ya mtu. Ikiwa umejua kwamba mmiliki amefiwa karibuni, subiri. Mfiwa hahitaji kupangiwa bei kabla ya arobaini ya marehemu.

Nne, ukituma kwa simu au barua pepe, fahamu kwamba Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inakutaka ujitambulishe, useme lengo la ujumbe, na umpe mpokeaji njia ya kukataa ujumbe mwingine.

Ufuatao ni mfano wa barua inayofaa:

*Ndugu ………,*

*Mimi ni mwalimu, ninaishi Makulu, Dodoma. Ninatafuta kiwanja cha makazi kwa ajili ya kujenga nyumba ya kupangisha. Nimepita Iyumbu nikaona kiwanja ambacho majirani wameniambia ni chako.*

*Ninaandika kukuuliza kama una nia ya kukiuza. Kama huna nia, tafadhali ipuuze barua hii. Sitakuandikia tena, wala sitampa mtu mwingine jina lako.*

*Kama una nia, ninashauri kila mmoja wetu awe na mshauri wake, tukubaliane bei baada ya wewe kupata makadirio yako, na nitafanya upekuzi rasmi kabla ya malipo. Malipo yote yatapitia benki. Ninanunua kwa ajili yangu mwenyewe, si dalali.*

*Jina kamili, anwani, namba ya simu, saini na tarehe.*

Barua hii haina bei ya kushtua, haina siku ya mwisho, na inampa mpokeaji njia ya kukataa bila aibu. Mtu akiipokea, hatakosa usingizi.

Hatua za uhakiki kabla ya fedha

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Iwe wewe ni muuzaji au mnunuzi, pitieni hatua hizi kwa mpangilio.

1. Mnunuzi aone nyaraka halisi: hati miliki au barua ya toleo, pamoja na stakabadhi za kodi ya pango la ardhi. Dodoma bado zipo nyaraka zilizotolewa enzi za CDA. Hizo zihakikiwe na zihuishwe katika ofisi ya ardhi kabla ya mauziano, si baada yake.

2. Afanye upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati. Upekuzi humwonyesha jina la mmiliki aliyesajiliwa, rehani ya benki kama ipo, na zuio lolote lililowekwa.

3. Ofisi ya ardhi ya Jiji ithibitishe kwamba kiwanja kipo katika ramani iliyoidhinishwa, kwamba matumizi yake ni yale yaliyotajwa, na kwamba hakuna mtu mwingine aliyemilikishwa.

4. Afike kwenye kiwanja na mpima aliyesajiliwa, akague mawe ya mipaka. Majirani waulizwe. Muhuri wa mwenyekiti wa mtaa ni utambulisho mzuri wa wahusika, lakini hauthibitishi umiliki.

5. Kitambulisho cha muuzaji kilinganishwe na jina lililo katika daftari. Mwenye hati ya uwakilishi aonyeshe hati iliyosajiliwa, na mwenye mali apigiwe simu.

6. Mkataba uandikwe na wakili mwenye leseni hai, ukiwa na saini za wanandoa au warithi wanaohusika. Kila upande uwe na nakala.

7. Malipo yafanyike benki kwa jina lililo katika mkataba. Malipo ya Serikali yafanyike kwa namba ya kumbukumbu ya malipo iliyotolewa na taasisi husika, si kwa namba ya simu ya mtu.

8. Baada ya mkataba, mnunuzi asikae na karatasi kabatini. Afuatilie kuhamisha milki mpaka jina lake lisomeke katika daftari. Akiona muuzaji anasitasita baada ya kupokea fedha, amwone wakili kuhusu kuweka zuio kwa Msajili.

Mwalimu wetu, alipomweleza aliyejibu barua yake kwamba angefanya upekuzi kwanza, aliambiwa kuna mnunuzi mwingine anayekuja kesho. Akamjibu, “Basi auziwe huyo.” Upekuzi ulionyesha kuwa kiwanja kimesajiliwa kwa jina la mtu mwingine kabisa. Mwalimu alipoteza ada ya upekuzi na siku mbili, na akiba yake ya miaka sita ikabaki salama.

Ukiwa umekwishapata tatizo

Usione haya kusema. Walaghai huishi kwa aibu ya waliolaghaiwa. Hifadhi barua, bahasha, ujumbe wa simu na stakabadhi. Ujumbe wa kitapeli utume kwenda namba 15040. Umeibiwa au umeghushiwa saini, toa taarifa polisi mara moja, na uijulishe benki au mtandao wa simu uliotumika. Taarifa zako zimetumika vibaya, lalamika kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Umeombwa rushwa, ripoti TAKUKURU.

Mgogoro wa umiliki hupelekwa Baraza la Kata kwa usuluhishi, na usipokwisha huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Asiye na uwezo wa kumlipa wakili anaweza kuomba msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Usicheleweshe madai, kwani kuna ukomo wa muda wa kudai ardhi.

Hitimisho

Mama wa Nzuguni hatimaye aliitoa barua chini ya mto na kuwasomea wanawe. Walikwenda pamoja ofisi ya ardhi, wakaelezwa kwamba hakuna utwaaji wowote katika eneo lile, na kwamba wanadaiwa kodi ya pango ya miaka mitatu. Wakachanga wakalipa. Kiwanja hakijauzwa. Siku watakapoamua kukiuza, watajua thamani yake, warithi wote watasaini, na siku ya kuuza wataichagua wao.

Barua yenye jina lako ni swali tu. Una haki ya kulijibu, kulikataa, au kuliacha likae mpaka utakapokuwa tayari.

Maswali ya kujipima

1. Umepokea barua yenye majina yako matatu na namba ya kiwanja chako. Taja mambo mawili utakayomuuliza mwandishi kabla ya kuzungumzia bei.

2. Kiwanja cha mita za mraba 800 kimetajiwa shilingi 9,600,000. Je, hiyo ni shilingi ngapi kwa mita? Utajuaje kama bei hiyo ni ya haki?

3. Ndugu yako ni msimamizi wa mirathi na anataka kusaini “Fomu ya Kuonyesha Nia.” Utamshauri nini?

4. Eleza tofauti kati ya muhuri wa ofisi ya mtaa na matokeo ya upekuzi wa Msajili wa Hati.

5. Andika barua fupi ya kuulizia kiwanja. Mpe jirani yako aisome, kisha umuulize: ungeipokea wewe, ungelala?